Maswali ya wasomaji: bekapu iliyokuja na kompyuta, au ya kununua?

Barua za mwezi huu zimegonga mlango mmoja. Kompyuta imekuja na programu yake ya bekapu, yaani ya kuweka nakala za akiba, fundi ana nyingine mkononi, na pesa za kununulia si za kuokota. Tumechagua barua sita. Mbili za mwanzo tumezijibu kwa urefu kwa kuwa hapo ndipo watu wanapopotezea kazi zao. Zilizobaki hazihitaji maneno mengi.

Ofisi yetu iko karibu na Moi Avenue, Mombasa, tunaondoa mizigo bandarini. Tuna kompyuta tatu za Windows 11. Moja ndiyo yenye programu ya hesabu na PDF za kila kontena tangu 2019, jumla GB 180 hivi. Fundi anataka kutuuzia programu ya bekapu ya kulipia kila mwaka kwa mashine zote tatu. Bosi anasema Windows ina ya kwake, ya nini kutoa pesa? Faili zikipotea, wa kulaumiwa ni mimi.
*Karani, Kisiwani*

Ndugu karani, bosi amesema nusu ya kweli na fundi nusu iliyobaki. Usianze na programu gani. Anza hivi: kompyuta ya hesabu ikikataa kuwaka Jumatatu saa mbili asubuhi, na kuna kontena linasubiri, unataka kirudi nini, na kwa muda gani? Kurudisha faili ni kazi moja. Kurudisha kompyuta nzima, yaani Windows, programu ya hesabu na leseni yake, printa na mipangilio yote kama ilivyokuwa Ijumaa, ni kazi nyingine. Windows hufanya ile ya kwanza vizuri. Ya pili huifanya kwa kusuasua.

Chombo cha kazi ya kwanza kinaitwa File History, na kimo tangu Windows 8 ya 2012. Kwenye Windows 11 usikitafute Settings. Fungua Control Panel, kisha System and Security, kisha File History. Chomeka diski ya nje, bofya Turn on. Kila baada ya saa moja kitanakili faili zilizobadilika, na matoleo ya zamani kitayaweka bila kikomo. Hapo ingia Advanced settings, pale pa muda wa kuweka matoleo uchague yafutwe nafasi inapohitajika. Usipofanya hivyo diski itajaa siku moja na bekapu itasimama, na onyo lenyewe ni dogo kiasi cha kupitwa na macho.

Uzuri wa File History ambao wauzaji hawausemi ni huu: faili zinakaa kwenye diski kama faili za kawaida, ndani ya folda iitwayo FileHistory, kila moja na tarehe na saa katika jina lake. (Saa hizo ni za UTC, saa ya kimataifa, ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu, usidhani kompyuta imepotea majira.) Chukua diski hiyo kwa jirani, ichomeke kwenye kompyuta yake, utazisoma. Huhitaji leseni wala programu yoyote.

Sasa ubaya wake. Inaangalia folda chache tu: Desktop, Documents, Pictures, Music, Videos na zile zilizounganishwa kwenye libraries, yaani makundi ya folda ya Windows. Programu za hesabu nyingi huweka data kwingine, moja kwa moja kwenye C: au chini ya Users\Public. Karani anaona bekapu inakwenda kila saa, moyo umetulia, kumbe hesabu hazimo. Fungua programu yenyewe, tafuta panapoonyesha njia ya folda ya data, nenda kwenye folda hiyo, bofya kulia, Show more options, halafu Include in library. Baadaye fungua diski ya bekapu uhakikishe kwa macho kwamba imo.

Hata ikiwemo, kuna tatizo la pili. Faili ya hesabu iliyofunguliwa huandikwa muda wote. Nakala iliyochukuliwa wakati huo yaweza kuwa nusu ya jana na nusu ya leo, na siku ya kuihitaji ikakataa kufunguka. Kwa hiyo tumia bekapu ya ndani ya programu hiyo. QuickBooks ya mezani, kwa mfano, hutoa faili ya .QBB. Ielekeze kila jioni iende kwenye folda ya Documents, File History itaichukua ikiwa imefungwa na kukamilika.

Kazi ya pili mafundi huiita imeji: nakala ya diski nzima kama ilivyo. Windows 11 bado ina chombo chake, Backup and Restore, na pembeni kimeandikwa Windows 7. Jina lenyewe limetaja umri. Microsoft walikiweka kwenye orodha ya vitu vilivyoachwa kuendelezwa mwaka 2017, na wenyewe wakashauri watu watumie programu za kampuni nyingine. Hapo fundi wako ana hoja. Chombo hicho kinafanya kazi, lakini kina masharti. Imeji hukaa kwenye folda ya WindowsImageBackup juu kabisa ya diski. Ukibadilisha jina lake au ukiitia ndani ya folda nyingine, siku ya kurejesha haitaonekana. Diski mpya haiwezi kuwa ndogo kuliko ya zamani, hata kama data yako ni GB 60 tu. Na kuna kosa namba 0x80780119 linalosema hakuna nafasi ya kutosha. Watu hubadilisha diski ya nje mara tatu wakidhani ndiyo iliyojaa. Siyo. Mara nyingi iliyojaa ni ile sehemu ndogo iliyofichwa ndani ya diski ya kompyuta, ya Recovery: ikiwa ina zaidi ya MB 500 inataka MB 320 ziwe wazi, na ikiwa chini ya hapo inataka MB 50.

Ushauri wetu basi: leseni moja, si tatu. Kompyuta mbili za kawaida zitumie File History peke yake. Zikifa, utaweka Windows upya na kurudisha faili, kazi ya nusu siku. Kompyuta ya hesabu iwe na File History pamoja na programu ya imeji kutoka kwa kampuni nyingine. Zipo hata za bure, kama Veeam Agent na Clonezilla, ila soma leseni kabla ya kuweka yoyote: programu nyingi za bure zimeruhusiwa nyumbani tu, ofisini hapana. Panga imeji kamili mara moja kwa mwezi, na kati yake nyongeza za kila wiki zinazochukua mabadiliko peke yake. Usiache nyongeza zijirundike mwaka mzima juu ya imeji moja. Kila nyongeza inategemea iliyotangulia. Ya Machi ikiharibika, za Aprili hadi Desemba hazina kitu.

Nunua diski mbili za TB 1, zipokezane kila Ijumaa. Moja ikiwa ofisini, nyingine iko nyumbani kwa mtu. Diski iliyochomekwa saa zote haikukingi na virusi vya kudai fidia. Vile vya WannaCry vya Mei 2017 vilifunga faili za aina nyingi vilizozifikia, za diski za nje zikiwemo, na vikafuta nakala za kivuli ambazo Windows hujiwekea. Kazi ikimalizika, chomoa. Kuhusu muda: GB 180 kwa soketi ya USB 3, ambayo mara nyingi ni ya bluu, na diski inayoandika MB 110 kwa sekunde, ni dakika 27 hivi. Kwa soketi ya USB 2, MB 35 kwa sekunde, ni karibu saa moja na nusu.

Neno moja la kodi. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Programu ikikuuliza ifute bekapu za zamani baada ya muda gani, usibofye tu jibu la kwanza.

Assalamu alaikum. Nina studio ya picha za harusi, Bamburi. Natumia MacBook yenye diski ya TB 1, na picha zimejaa kwenye diski mbili za nje, TB 3 kwa jumla. Time Machine yanitosha au ninunue Carbon Copy Cloner? Mwenzangu ananiambia nipandishe zote kwenye wingu, yaani seva za mtandaoni. Picha nyingi ni za kupamba, sherehe ya wanawake peke yao, na kina mama wameniamini.
*Mpigapicha, Bamburi*

Waalaikum salaam, dada. Kwa laptopu yenyewe usinunue kitu. Time Machine, iliyokuja na Mac OS X Leopard mwaka 2007, ndiyo bora kati ya zote zinazokuja na kompyuta: haiachi folda nje kama File History, na inarudisha faili moja au Mac nzima. Huweka nakala za kila saa kwa saa 24 zilizopita, za kila siku kwa mwezi uliopita, na za kila wiki kwa muda wa nyuma zaidi. Diski yake iwe na nafasi mara mbili ya diski ya Mac angalau, kwako TB 2. Diski hiyo itafutwa yote mwanzoni, kwa hiyo isiwe na kitu cha mtu.

Kwa picha za harusi, mambo ni mengine, na hapa wapigapicha wengi huanguka mara mbili.

Anguko la kwanza: Time Machine, usipoiambia vingine, huziacha nje diski za nje. Fungua mipangilio yake, bofya Options, utaona diski zako mbili zimo kwenye orodha ya visivyonakiliwa. Zile TB 3 hazijawahi kunakiliwa hata siku moja.

Anguko la pili ni baya zaidi. Mtu ananakili harusi ya Shaaban kwenye Mac, Time Machine inaichukua, laptopu inajaa, anaifuta kwenye Mac akijua "iko Time Machine". Iko kweli, kwa muda. Diski ya Time Machine ikijaa, hufuta nakala za zamani kabisa ili kupata nafasi, na harusi ya Shaaban huenda nazo bila mtu kuulizwa. Time Machine ni ya kurudisha vitu unavyovitumia sasa. Haikuundwa iwe ghala.

Kwa ghala, programu ya kununua inastahili bei yake. Tafuta diski mbili mpya zinazolingana, tuseme TB 4 kila moja, na uwe unanakili ghala zima kutoka diski ya kazi kwenda kwazo. Carbon Copy Cloner ina kitu kiitwacho SafetyNet: faili iliyofutwa au kubadilishwa kwenye chanzo haifutwi papo hapo upande wa nakala, huwekwa kando. Inaweza pia kusoma upya faili zilizonakiliwa na kulinganisha na chanzo, jambo ambalo Finder ya Mac haikufanyii. Ina siku 30 za majaribio, zitumie kwanza. Kama pesa hazipo, FreeFileSync ya bure inafaa, lakini chagua Update, usichague Mirror. Mirror hufanya nakala ifanane kabisa na chanzo, maana yake ukifuta folda kwa bahati mbaya asubuhi, jioni imefutwa na kwenye bekapu. Watu wamelia kwa neno hilo moja.

Sasa amana ya kina mama. Picha za kupamba zinapigwa mahali ambapo simu hukusanywa mlangoni. Diski yako ikisahaulika kwenye matatu ya Mtwapa, anayeiokota ataichomeka na kuzitazama zote. Kwa hiyo unapoanzisha Time Machine washa Encrypt backup, isimbwe isisomeke bila nywila. Diski za ghala zifomati kwa Disk Utility, aina ya APFS Encrypted, kabla ya kuzitia chochote, kwa sababu kufomati kunafuta. Nywila ukiisahau hakuna fundi wa kukufungulia, si Biashara Street, si California. Iandike karatasini, uifungie pamoja na hati za nyumba. Tena hili si la heshima peke yake: chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, picha ya mtu anayetambulika ni data yake binafsi, na mwenye studio ndiye anayebeba jukumu la kuilinda.

Wingu? Piga hesabu kwanza. Vifurushi vingi hutangaza kasi ya kushusha. Wewe unahitaji ya kupandisha. Ukiwa na Mbps 10 za kupandisha, TB 3 zitachukua siku 28, usiku na mchana, stima isipotee. Mikongo ya intaneti ya chini ya bahari inaingilia hapa hapa Mombasa tangu SEACOM na TEAMS za 2009, lakini haikusaidii kama njia kutoka nyumbani kwako ni nyembamba. Ukiamua hata hivyo, tumia programu inayosimba faili kabla hazijatoka kwenye Mac, kama Arq au Duplicati, ili ufunguo ubaki kwako na mwenye seva aone takataka tu. Sisi, kwa picha za aina hii, tungeiacha safari ya wingu. Nakala ya tatu ni ile diski iliyosimbwa inayokaa kwa mama Kisiwani, ng'ambo ya daraja la Nyali, na kubadilishana na mwenzake kila mwezi. Moto au mwizi wa Bamburi hafiki kule.

Niko mwaka wa mwisho chuoni, naishi Tudor. Tasnifu yangu iko OneDrive, wingu la Microsoft, na ina alama ya kijani. Bado nahitaji bekapu?
*Mwanafunzi*

Ndiyo. Alama ya kijani inasema tu kwamba kilichoko hapa na kilichoko kule vinafanana. Ukifuta sura ya tatu hapa, kule nako inafutwa. Akaunti ya binafsi huiweka kwenye kapu la taka kwa siku 30, na baada ya hapo imekwenda. Programu iitwayo Windows Backup, ile inayokujia kila mara ikikuomba uiwashe, kazi yake kubwa ni kupeleka folda zako OneDrive huko huko, ambako nafasi ya bure ni GB 5. Ukiwa na video za utafiti zitajaa kabla ya sura ya kwanza.

Usinunue kitu. Washa File History kwenye diski yoyote ya nje kama tulivyomweleza karani. Kila jioni hifadhi tasnifu kwa jina lenye tarehe, ukianza na mwaka, mwezi, kisha siku, ili zijipange zenyewe, na nakala moja itie kwenye flashi inayolala chumba kingine. Flashi iliyosahaulika ndani ya begi la laptopu itaibwa pamoja na laptopu.

Nilikuwa nikitumia Macrium Reflect ya bure kwenye laptopu ya zamani. Nina diski yenye imeji zake za 2022, faili za .mrimg. Laptopu imekufa, nimenunua mpya, naambiwa ile ya bure haipo tena. Picha za wajukuu zimekwenda?
*Mwalimu mstaafu, Ganjoni*

Shikamoo mwalimu. Hazijaenda. Toleo la bure lilisitishwa na tangu Januari 2024 halipati tena marekebisho ya usalama, lakini faili zako hazikuguswa. Pakua toleo la kulipia kutoka tovuti ya watengenezaji wenyewe. Lina siku 30 za majaribio. Chomeka diski, bofya faili ya .mrimg mara mbili, programu itaifungua kama diski yenye herufi yake, nawe utaingia Users, jina lako, Pictures, na kunakili unachotaka. Usibofye Restore. Restore itaandika Windows ya laptopu iliyokufa juu ya laptopu mpya. Na usipakue toleo la zamani la bure kutoka tovuti za kando. Hujui limetiwa nini.

Jambo hili linawahusu wote wanaotaka kununua. Kila kampuni ina aina yake ya faili: Acronis .tibx, Veeam .vbk, AOMEI .adi. Moja haifungui ya mwenziwe. Muulize muuzaji mapema, "Nikiacha kulipa, nitazifungua vipi?" Akijibu kwa kuzungukazunguka, mtafute mwingine. Picha za familia ziwe pia na nakala moja ya kawaida kabisa, faili za JPG ndani ya folda, isiyohitaji ruhusa ya mtu.

Nina saiba Likoni, kompyuta nane. Moja imekufa diski. Nina imeji na nina flashi ya kuokolea. Flashi inawaka, imeji inaonekana, lakini inasema hakuna diski ya kuiweka. Diski ni mpya na BIOS, programu inayoiamsha kompyuta, inaiona.
*Mwenye saiba*

Kama prosesa ni ya Intel ya kizazi cha 11 au baada yake, mshukiwa wetu wa kwanza ni VMD, njia ya Intel ya kusimamia diski. Mfumo ulio kwenye flashi ya kuokolea hauna draiva yake, programu ya kuitambua, basi diski haionekani kabisa. Pakua draiva ya Intel RST VMD ya modeli yako kutoka kwa watengenezaji wa kompyuta. Ikiwa imefungwa ndani ya .exe, ifungue kwanza mpaka uone faili za .inf na .sys, flashi ya kuokolea haijui kusoma .exe hiyo. Zitie kwenye flashi, kisha ndani ya programu tafuta Load driver. Njia rahisi zaidi kwa zile saba zilizobaki: tengeneza flashi ya kuokolea kwenye kompyuta yenyewe ikiwa nzima, maana programu nyingi hukusanya draiva za Windows inayoendeshwa wakati huo. Wako watakaokwambia uzime VMD kwenye BIOS. Diski itaonekana, ndiyo, lakini Windows iliyowekwa VMD ikiwa imewashwa huweza kukataa kuwaka baada ya hapo.

Ukishafaulu, mambo mawili. Imeji iliyochukuliwa Windows ikiwa inaendeshwa haina kinga ya BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows, ndani yake, hata kama diski ilikuwa nayo. Isimbe kwa nywila ya programu ya bekapu. Na ule ufunguo wa BitLocker wenye tarakimu 48 uchapishe kwa kila mashine sasa hivi, kwa sababu marekebisho ya BIOS peke yake yanatosha kuufanya uulizwe. La pili, usiwashe kompyuta ikiwa na diski ya zamani na nakala yake zimechomekwa pamoja. Zina kitambulisho kimoja, na Windows itaizima moja au kuchanganya herufi.

Jaribu imeji za mashine nyingine kabla hazijafa. Diski moja ya akiba inatosha: toa ya asili, weka ya akiba, rejesha, ona kama inawaka, rudisha ya asili. Programu ya kulipia na ya bure zote hupimwa kwa mtihani huo huo, na tumeona za kulipia zikianguka.

Hewa ya bahari inaharibu diski? Na je, ile SSD (diski ya chipu) ya nje ya TB 4 inayouzwa kwa bei ya TB 1 niichukue?
*Msomaji, Nyali*

Akiba haiozi, wasema wazee, lakini ya kompyuta huoza. Chumvi na unyevu hula vichwa vya waya na soketi kwanza. Ukiona ukungu mweupe au wa kijani, vifute kwa pamba na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, acha zikauke kabisa. Hifadhi diski kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na vifuko vya silika vinavyokuja na viatu. Diski iliyotoka chumba cha AC usiiwashe mara tu unapoingia nayo chumba cha joto. Iache kama saa moja, jasho lililoshika ndani likauke. SSD na flashi zilizowekwa kabatini bila umeme hupoteza chaji polepole, na joto huharakisha, hivyo kila miezi mitatu zichomeke na kuzisoma. Stima ikipotea bekapu ikiwa inaandika, usiiamini nakala hiyo mpaka umefungua faili kadhaa kutoka ndani yake.

Ile TB 4 iache, au ipime kabla siku za kurudisha hazijaisha. Diski bandia imedanganywa chipu yake iseme ukubwa ambao haina. Ndani mna GB 64, pengine. Utatia faili, majina yataonekana yote, ila kilichoandikwa baada ya nafasi ya kweli kujaa hakipo. File History haitagundua, kwani haisomi tena ilichoandika. Programu ya kununua yenye kipimo cha Verify itagundua, ukikumbuka kuiwasha. H2testw ni ya bure na hufanya kazi hiyo kwa diski yoyote: huijaza diski tupu kwa faili za GB 1, kisha huzisoma zote tena. Kwa MB 100 kwa sekunde, kila TB 1 itataka saa tano na nusu, kwa hiyo iache usiku kucha, feni ikiielekea. Ikiandika kwamba data imepotea, piga picha ya skrini, usifomati, irudishe na risiti yake.